Jumba la Shule ya Zamani: Tulibomoe au Tulitumie?

Kabla hatujaanza, andikeni madaftarini maneno haya matatu: boriti, chokaa, ufa.

Mwaka 1892 Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga. Kisha walifungua nyingine katika miji ya pwani, na Kilwa na Lindi zikiwamo. Waingereza, wamisheni na jumuiya za Wahindi nao walijenga shule zao. Leo watoto ni wengi, madarasa mapya hujengwa kwa matofali ya saruji, na mara nyingine jumba la zamani huachwa tupu. Popo huingia. Watu hung'oa milango, kisha mabati, kisha mawe. Ndipo mkutanoni mmoja husema, "Tulibomoe, tupate mawe." Mwingine hujibu, "Liacheni, ni kumbukumbu ya wazee." Yupi ana haki? Tusikimbilie kujibu.

Kwanza tujue jumba hufaje. Majumba mengi ya zamani ya pwani yetu yana kuta za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari huchukuliwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hudumu sana. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza kujengwa karne ya 11, na kuta zake tunaziona hata leo. Lakini ukuta huo una maadui wawili.

Adui wa kwanza ni paa bovu. Mvua huingia juu ya ukuta, chokaa hulainika, boriti huoza. Mbegu za miti huota katika ufa, na mizizi huupanua. Adui wa pili ni saruji. Chokaa huuacha unyevu utoke, lakini saruji iliyopakwa juu yake huufungia ndani pamoja na chumvi. Kwa nje ukuta ni mzuri, kwa ndani unamomonyoka.

Jumba lililochoka halina huruma. Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ilianguka, na watu wawili walikufa. Matengenezo yalikuwa yamekwisha kuanza, lakini yalichelewa. Basi anayesema "liacheni tu" hana haki. Watoto hucheza chini ya kuta hizo.

Je, anayesema "tulibomoe" ana haki? Naye asikilize. Boma la Mikindani lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, na baadaye likachakaa sana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Trade Aid kutoka Uingereza lilianza kulitengeneza, likawa hoteli, na vijana wakafundishwa kazi humo. Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliandikwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kazi ikafanyika, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo. Ukuta uliosimama ni mali. Kuubomoa ni kutupa jasho lililokwisha kulipwa.

Wengine hudhani sheria inalinda kila jumba la zamani. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863. Shule nilizozitaja zilijengwa baada ya hapo. Hazilindwi mpaka Waziri atangaze. Kwa hiyo sauti yenu mkutanoni ina uzito.

Tufanye nini, basi? Shikeni mambo matano.

1. Ulizeni jumba ni la nani. Shule ya serikali ni mali ya umma. Mtu asichukue hata bati moja kabla halmashauri ya wilaya haijajibu kwa barua.

2. Leteni fundi anayejua mawe na chokaa, apime kuta na boriti. Wakati huo watoto wazuiwe kuingia.

3. Anzeni na paa. Kupaka rangi jumba linalovuja ni kazi bure.

4. Chagueni kazi ya jumba kabla ya kutafuta fedha. Laweza kuwa darasa la watu wazima, maktaba, au ofisi ya chama cha ushirika. Jumba lenye watu ndani hufagiliwa, na ufa wake huonekana mapema.

5. Andikeni nani atalipia matengenezo ya kila mwaka. Fedha za madawati ya watoto zisiguswe.

Na fundi akisema haliponi? Lipimeni, lipigeni picha, andikeni maneno ya wazee waliosoma humo, kisha libomolewe kwa utaratibu, na mawe yahesabiwe. Hilo nalo ni kutunza.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kuziba ufa kwahitaji ndoo ya chokaa na siku moja. Kujenga ukuta kwahitaji fedha ambazo vijiji vingi havina.

Maswali ya kujibu darasani:

Kwa nini saruji hudhuru ukuta wa chokaa?
Je, jumba la mwaka 1895 hulindwa na sheria bila ya kutangazwa?
Katika kijiji chenu, ni jumba gani lililoachwa tupu? Andikeni barua fupi kwa halmashauri kulieleza.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.