MAZUNGUMZO YA AFYA: DAWA YA LARIAM NA MADHARA YAKE KATIKA AKILI



Dawa ya meflokwini, iliyojulikana zaidi kwa jina la Lariam, ilitokana na utafiti wa jeshi la Marekani, na mwaka 1989 iliruhusiwa rasmi nchini humo. Kinga yake ni kidonge kimoja kwa wiki, hali doksisaiklini humezwa kila siku. Kwa askari aliye msituni, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, baadhi ya walioitumia walipatwa na ndoto za kutisha, wasiwasi, huzuni nzito, hata kuona yasiyokuwapo. Julai 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliitolea onyo la daraja la juu kabisa, kwa kuwa kizunguzungu na mvumo masikioni vyaweza kudumu. Mwaka 2016 Kamati ya Ulinzi ya Bunge la Uingereza ilitaka askari wapewe dawa hiyo pale tu nyingine zisipofaa.

Askari wa zamani wa Kanada na Ireland wamefungua madai mahakamani, wakisema hawakuonywa ipasavyo. Ugumu uliopo, nao ni mkubwa, ni kutenganisha madhara ya dawa na majeraha ya nafsi yaletwayo na vita.

Aliyewahi kuugua akili au kifafa hapaswi kupewa kinga hiyo. Anayeitumia akianza kuchanganyikiwa, amwone daktari upesi ili abadilishiwe; asikae bila kinga. Aeleze pia siku aliyomeza kidonge cha mwisho, kwani dawa hii hukaa mwilini wiki kadhaa.