Jiko Linalochaji Simu: Faida Yake na Hatari Yake

Leo tunazungumzia jiko la kuni linalotoa umeme.

Huenda umeshaliona kwa jirani. Mama anapika maharage, na papo hapo simu imeunganishwa kwa waya kwenye jiko, inachaji. Huo si uchawi. Ubavuni mwa jiko kuna kibamba kidogo. Upande mmoja unapata joto la moto, upande wa pili unapozwa na feni. Tofauti hiyo kati ya joto na baridi ndiyo inayozalisha umeme.

Mjerumani Thomas Seebeck aligundua jambo hili mwaka 1821. Katika miaka ya 1950, kwenye vijiji vya Umoja wa Kisovieti visivyokuwa na umeme, joto la taa ya mafuta ya taa liliendesha redio. Siku hizi kampuni ya BioLite ya Marekani imeuza majiko ya aina hii Kenya na Uganda. Sehemu ya umeme huendesha feni ya jiko lenyewe, moto ukawaka vizuri na moshi ukapungua. Unaobaki huchaji simu au taa.

Ukilipata jiko hili, shika mambo matatu.

La kwanza: umeme wake ni kidogo, wati 2 au 3 tu. Simu ndogo ya kitochi itahitaji saa 2 hivi. Simu kubwa haitajaa kwa mlo mmoja. Kwa hiyo chaji wakati unapika, usiongeze kuni kwa ajili ya simu. Kuni zikiisha, kuna mtu atarudi porini kuzitafuta, na unajua hatari wanazokutana nazo huko mama zetu na dada zetu.

La pili: kibamba kikipata moto mkali bila feni, huharibika. Usizime feni moto ungali unawaka, wala usilimwagie jiko maji. Liache lipoe lenyewe.

La tatu, na ndilo kubwa: usiliingize jiko ndani ya hema au nyumba iliyofungwa, hata kama usiku ni wa baridi, hata kama simu haijajaa. Moshi kupungua si kusema hewa ni salama. Moto wa kuni na makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Makaa yanayoonekana kama yamekufa bado huitoa. Aliyelala hawezi kuisikia, na inaua.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea mwili. Mkiziona kwa watu wawili au watatu wa nyumba moja, tokeni nje haraka mpate hewa safi, mbebeni aliyezidiwa, kisha nendeni kituo cha afya hata kama ni usiku.

Tunajua simu hiyo ndiyo inayoleta sauti ya mama, ya mume, ya mtoto aliyebaki nyumbani. Lakini ikizima usiku, iache izime. Kesho utapika tena, na itachaji.

Hadi kipindi kijacho, kaa salama.