Taka za Viwandani Katika Barabara: Nani Athibitishe Usalama?



Hoja yangu ni moja: taka ya kiwandani isiingizwe barabarani mpaka anayetaka kuitumia athibitishe kwa vipimo kwamba haitadhuru watu. Mwanakijiji asibebeshwe kazi ya kuthibitisha kwamba tayari imemdhuru. Nimeichagua Nchelenge nchini Zambia, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, kuwa mfano kwa sababu huko barabara, chakula na maji vimekaribiana mno. Wavuvi huanika chisense, dagaa wa ziwa hilo, juani, mahali palipo wazi. Lori likipita barabara ya vumbi wakati wa kiangazi, vumbi hutua juu ya samaki hao. Masika yakianza, maji ya mitaro hushuka ziwani. Kutoka ziwani, Mto Luvua huyapeleka Kongo.

Ushahidi wa hatari ya vumbi lenye taka uko Zambia kwenyewe. Mgodi wa risasi na zinki wa Kabwe ulifungwa mwaka 1994, baada ya takriban miaka 90 ya uchimbaji na uyeyushaji. Mabaki yake yaliachwa wazi, na watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye wamekutwa na risasi katika damu. Mtoto hucheza chini na kutia vidole mdomoni, na mwili wake hufyonza risasi kwa wingi kuliko wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kutandaza mabaki ya aina hiyo barabarani ni kufanya kwa makusudi kazi ambayo Kabwe ilifanywa na upepo.

Wapo watakaosema kwamba moramu na kokoto ni ghali, na kwamba nchi nyingi hujengea barabara mabaki ya tanuri za chuma. Ni kweli, nami sipingi kila taka. Lakini mabaki ya chuma si sawa na mabaki ya risasi, na unafuu wa mkandarasi si unafuu wa taifa ikiwa hospitali ndiyo italipa tofauti. Wengine watasema lami hufunika kila kitu. Lami hupasuka na kuchimbuliwa, ilhali radiamu iliyomo katika fosfojipsamu, taka ya viwanda vya mbolea, huchukua miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Marekani iliruhusu taka hiyo itumike barabarani mwaka 2020, kisha ikaifuta ruhusa hiyo mwaka 2021.

Zambia ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2011, na ina ZEMA, wakala wa usimamizi wa mazingira, ya kuisimamia. Kinachotakiwa ni kuziba mwanya wa taka kubadilishwa jina na kuitwa kifusi. Kila shehena ipimwe na maabara isiyolipwa na mkandarasi: ina metali gani, na kiasi gani huchujuka ikilowa. Barabara zisizo na lami na zile za kandokando ya ziwa zisiwekewe taka hatarishi kabisa. Kila kipande kilichojengewa mabaki kiandikwe katika daftari la wazi, ili atakayekichimbua miaka 30 ijayo ajue anagusa nini. Gharama zote zibebwe na kiwanda kilichoizalisha taka, kwa kuwa faida yake kilishaipata.