Kuwarudi Watoto Wetu: Neno la Wazazi wa Kwaya

 

Kwa miaka hii 25 tumeimba tukiwa na watoto mgongoni, na wengine wakikimbia kati ya viti. Leo tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Pia tuna jambo la kukiri.

Zamani mtoto akipiga kelele wakati wa mazoezi, tulimfinya au kumpiga kofi, kisha tukaendelea na wimbo. Tuliona tunatii Mithali, kwa kuwa inataja fimbo. Jumamosi moja mwalimu wetu aliinua mkono kutuanzishia wimbo, na mtoto wa miaka minne aliyeketi mbele akajikinga uso. Wimbo haukuanza. Hakuna aliyeuliza mtoto yule alijifunza wapi kujikinga. Tulijua.

Hatukuacha kuwarudi watoto. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini kukunja si kuvunja. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na Paulo aliwaonya akina baba wa Efeso kuhusu kuwakasirisha watoto wao.

Sasa tunafanya hivi. Mtoto mdogo hawezi kukaa kimya saa mbili, kwa hivyo tunampa kazi: agawe vitabu vya nyimbo au apige kayamba. Tukitaka atii, tunamwendea, tunainama, tunamtazama machoni na kumwambia neno moja fupi. Tukisema kwamba akirusha kayamba tutaichukua, tunaichukua papo hapo, bila matusi, na baadaye tunamrudishia ajaribu tena. Akifanya vyema tunamsifu wote wakisikia. Nyumbani nako, baba na mama wapatane kwanza. Soprano na besi wakishika ufunguo tofauti, wimbo huharibika. Mtoto naye akipewa amri mbili hatii hata moja.

Bado tunakosea. Siku nyingine tunafika tumechoka na tunafoka. Hapo tumejifunza kumwomba mtoto msamaha, na heshima yetu haijapungua.

Mtoto yule amekua, na leo amevaa sare pamoja nasi. Mwalimu akiinua mkono, mtazameni: anavuta pumzi, tayari kuimba.