Ukurasa wa Pili



Mwaka 1974 tulikwenda wawili kupimwa afya ili tujifunze urubani wa ndege za jeshi. Moyo, mapafu, masikio, mkojo: yote nilifaulu. Kikabaki kitabu cha Ishihara, daktari wa jeshi la Japani, kilichotolewa kwanza mwaka 1917. Ndani yake namba zimefichwa katika madoadoa ya rangi.

Mwenzangu aliyetangulia alininong'oneza mlangoni: "12, halafu 8." Ukurasa wa kwanza niliona 12 (huo huuona hata asiyetambua rangi). Wa pili nikaona 3. Nikatazama tena: 3.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lakini tulikwisha kuambiwa kwamba redio ikizimika angani, mnara humwongoza rubani kwa taa: ya kijani, tua, nyekundu, mpishe mwenzio, endelea kuzunguka. Nikasema 3.

Kurasa zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Daktari hakunikemea, aliniuliza tu kama ninaye mjomba wa namna hiyo. Ninaye, yule tuliyezoea kumcheka kwa kuchuma nyanya mbichi.

Mwenzangu alirusha ndege miaka mingi. Mimi nilifundisha fizikia. Kwenye somo la mwanga nilikuwa mkali kidogo, niliowafundisha mtanisamehe.