MZINGA UNA HISTORIA, ALIYEUVUTA HANA

Haya ni maneno niliyowaambia vijana wenzangu Jumamosi moja kijiweni, mjini Morogoro. Waliokosa kufika wameomba niyaandike, nami nayaandika kama nilivyoyasema.

Ndugu zangu, najua kijana wa mjini akisikia habari ya kupigwa mzinga hushika mfuko wake haraka. Anajua kuna mtu anakuja kumkopa hela ambazo hatazirudisha. Kijana wa Mgeta au Matombo atafikiria asali. Na sisi wa Morogoro mjini tukisikia Mzinga tunafikiria shirika la jeshi lililo hapa kwetu tangu miaka ya 1970. Mimi leo sisemi habari ya mfuko, wala nyuki, wala shirika. Nasema habari ya mizinga yenyewe, ile ya kupigia vita, iliyopita katika milima hii mnayoiona hapo juu, mwaka 1916.

Msinune. Najua historia mliachana nayo siku ya mtihani wa kidato cha nne, na wengine wenu iliachana nanyi kabla ya hapo. Hata mimi nimeishia hapo hapo. Lakini sikilizeni kwanza, mtanizomea baadaye.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikuwa na manowari moja kubwa katika mwambao wetu, jina lake Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Zanzibar alfajiri, ikaikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga inatengenezwa. Ikaizamisha. Baada ya hapo Königsberg ikakimbilia kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, ikajificha humo miezi mingi. Waingereza wakaifuata, na tarehe 11 Julai 1915 wakaipiga mpaka ikawa chuma kisicho na kazi.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Manowari ile ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5. Mzinga wa namna hiyo, mtutu wake peke yake una uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Kombora lake moja ni kilo 17 na kitu. Wajerumani wakaitoa yote 10 majini, wakaiburuza kutoka Rufiji mpaka Dar es Salaam, na kwenye karakana ya reli ikatengenezewa magurudumu. Mizinga ya baharini ikageuzwa kuwa mizinga ya nchi kavu.

Sasa angalieni jinsi mizinga ile inavyojulikana. Mmoja uliwekwa juu ya meli ya Goetzen pale Kigoma, meli ile ile tunayoiita Liemba. Mmoja Wajerumani waliuvunja wenyewe pale Kahe, chini ya Kilimanjaro, Machi 1916, wasiuache mzima mikononi mwa adui. Mingine ilikwenda mpaka kusini, Oktoba 1917 ikawa inanguruma Mahiwa, ndani ya Lindi. Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, alipovuka Ruvuma tarehe 25 Novemba 1917 kuingia Msumbiji, hakuwa tena na mzinga hata mmoja wa Königsberg. Leo mmoja uko Mombasa, Fort Jesus, umesimama karibu na mzinga wa Pegasus, maadui wawili wanatazamana na watalii wanapiga picha. Mwingine uko Pretoria, mwingine kambi ya jeshi ya Jinja, Uganda.

Mnaona? Chuma kina wasifu. Kimezaliwa wapi, kimepigana wapi, kimefia wapi, na kaburi lake liko wapi. Ukitaka kukitembelea, unakata tiketi.

Haya, nani alikivuta?

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana hapo ndipo Uluguru inapoingia. Mpaka Agosti 1916 mizinga mizito ya Wajerumani ilikuwa na bahati ya reli, ile reli ya kati inayopita hapa kwetu. Mzinga unapakiwa kwenye behewa, unakwenda. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Jenerali Smuts, yule Kaburu aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Afrika Kusini, yaliingia Morogoro. Yalikuta Wajerumani wameshaondoka, madaraja ya reli yamevunjwa. Lettow alikuwa amepita pembeni mwa milima kuelekea Kisaki. Kuanzia siku hiyo hakuna reli. Kuna milima ya Uluguru upande huu, mabonde ya Mgeta na Ruvu upande ule, na mvua.

Smuts akagawa watu wake. Wapanda farasi wakapita magharibi, Mlali na Mgeta, wakashuka Kisaki. Wengine wakapita mashariki, Matombo, Tulo, mpaka Dutumi. Anayeijua barabara ya Matombo wakati wa masika hana haja ya kuelezwa. Mnaojua gari linavyosukumwa kule, fikirieni mzinga. Mahandisi wao ilibidi wachonge njia ubavuni mwa mlima. Farasi walikufa, ng'ombe walikufa. Mbung'o hana habari na ufalme wa mtu. Mnyama akifa, kinachobaki ni binadamu.

Katika vita hivyo walikuwapo wapiga mizinga wa kila namna. Walikuwapo Waingereza wa mji wa Hull na mizinga yao mizito. Walikuwapo Wahindi wa vikosi vya mizinga ya milimani, hata Kashmir ilileta kikosi. Na walikuwapo, mkitaka kushangaa, Waafrika wa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, waliovushwa bahari mwaka 1916 kuja kupigana hapa, kwenye kilima cha Kikirunga, Septemba ya mwaka huo. Mizinga yao midogo ilifunguliwa vipande vipande na kila kipande kikabebwa na watu vichwani. Mtutu tu ni kiasi cha kilo 100. Zigawane na wenzako wachache, upandishe mlima, mbele yako kuna bunduki ya rashasha.

Vikosi hivi vina vitabu vyao. Cha watu wa Gold Coast kiliandikwa na gavana wao mwenyewe, Hugh Clifford, kikatoka mwaka 1920. Na hapa Morogoro yapo makaburi ya vita. Nendeni mkatazame: jina, kikosi, tarehe. Sina ugomvi nao, maiti ni maiti, na aliyelala pale alikuwa kijana kama sisi. Ugomvi wangu ni huu. Katika vita vile Waingereza walitumia wapagazi karibu milioni 1 katika Afrika Mashariki. Waliokufa kwa hesabu za kawaida ni zaidi ya 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa, si kwa risasi. Upande wa Wajerumani watu walikuwa wakikamatwa vijijini, wakichoka wanaachwa njiani, wanakamatwa wengine. Hao ndio waliovuta mizinga ya Königsberg kwa kamba, mamia kwa mzinga mmoja.

Kumbukumbu yao ni nini? Ile sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inawataja wapagazi kwa maneno mazuri, kwa jumla yao. Na soko la Kariakoo. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichokuwa na kambi pale. Kila siku tunapigana vikumbo ndani ya jina lao tukitafuta jinzi za mtumba.

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa yake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao mahali popote, au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi. Tizameni pengo hilo, ndugu zangu! Kati ya 116,000 na 350,000. Mizinga ya Königsberg ilikuwa 10, na hakuna mtu atakayekwambia ilikuwa kati ya 10 na 30.

Sasa niseme la kwangu, maana mtauliza huyu mwandishi wa kuungaunga imemuuma wapi. Bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Matombo. Kwetu Uluguru, mnajua, ukoo unafuata mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu ya shamba. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mama yake alikuwa na kaka mkubwa ambaye "alikwenda na mzinga". Tulipokuwa wadogo tulidhani alikwenda kurina asali. Nilimuuliza bibi siku moja, mzinga gani? Akasema, si wa nyuki, mwanangu, ule wa kamba. Walikuja watu asubuhi, wakamtoa shambani, wakampa kamba. Hakurudi. Bibi hakujua alichukuliwa na Wajerumani au Waingereza. Kwa mama yake wote walikuwa wale wale, walikuja na kamba moja.

Shamba lake lilikaa miaka bila mtu kuligusa, wakingoja. Bibi naye ameshakwenda. Jina la mjomba yule ninalo, nimeliandika kwenye daftari. Sitalitaja hapa, la nyumbani ni la nyumbani mpaka wazee waruhusu.

Mtasema wakati ule ni ukoloni, vita si vyetu. Kweli. Lakini vita vyetu tulivijua namna ya kuvihesabu. Kaboya, kule Muleba, wamelala wanajeshi wetu wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kila mwaka Julai tunawakumbuka mashujaa. Mizinga yetu katika vita vile, ile ya makombora waliyoiita sabasaba, ilibebwa juu ya malori. Dereva wa lori lile alikuwa na namba ya jeshi. Yule wa kamba hakuwa na namba.

Kwa hiyo leo sikuja kuwapa hotuba nikaondoka. Nimekuja kuwapiga mzinga, ila sitaki hela. Mkienda nyumbani Mgeta, Mkuyuni, Kisaki, Dutumi, Mlali, waulizeni bibi na babu zenu neno moja tu: katika ukoo wetu, nani alikwenda na mzinga akakosa kurudi? Andikeni jina, kijiji, na alichukuliwa akiwa anafanya nini. Msiulize mwaka, watawaambia "wakati wa vita vya Mjerumani", inatosha. Msiwasahihishe. Na msingoje sikukuu. Waliosikia habari hii kwa masikio yao kutoka kwa waliokuwapo wamebaki wachache mno.

Mpaka Jumamosi ile daftari langu lilikuwa na majina 4. Kabla hatujatawanyika kijana mmoja, muuza viatu, aliniita pembeni akanipa la tano. Mtu wa kwao Kisaki, alichukuliwa akiwa anachunga nyani shambani.