MWAMBA NGOMA HUVUTIA KWAKE

Hotuba iliyosomwa na Katibu Mwenezi wa Wilaya mbele ya mkutano wa wanachama. Tunaipiga chapa yote kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kuhudhuria.



Najua jua ni kali na wengine mmetoka mbali kwa miguu, kwa hiyo sitawachosha. Nina neno moja tu, nalo ni hili: mtu mwenye jamaa yake, au chama chake, au mkate wake ndani ya shindano, asilisimamie shindano hilo. Asipoondoka mwenyewe, wananchi wana haki ya kumwambia aondoke. Na kumwambia hivyo si kumtukana.

Nitaanza na kazi niliyosomea. Mimi ni mwalimu. Ninyi wazazi mwajua mambo ya mtihani wa darasa la saba. Siku hiyo mwalimu hasimamii chumba cha shule yake. Hupelekwa shule nyingine, na mwalimu wa shule nyingine huletwa kwake. Mtoto hutumia namba yake, na karatasi zikishakusanywa hufungwa, zikaenda kusahihishwa mbali. Sijapata kumsikia mwalimu akilia kwamba serikali yamwona mwizi. Twajua sote kwamba mwalimu awapenda watoto wake, na kwamba mapenzi hayo, ambayo ni sifa njema darasani, ni hatari katika chumba cha mtihani. Basi ikiwa twaona vema kufanya hivyo kwa mtihani wa mtoto, kwa nini tuone ajabu kufanya hivyo kwa kura ambayo yaamua nani atatutawala kwa miaka mitano?

Ndugu zangu, tutazame yaliyotokea hapa kwetu Tanzania. Kwa miaka mingi Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343, ilisema kwamba kila mkurugenzi wa jiji, wa manispaa, wa mji na wa wilaya ndiye msimamizi wa uchaguzi mahali pake. Mkurugenzi huteuliwa na Rais. Rais naye ni mtu wa chama, na mara nyingi ni mgombea katika uchaguzi huo huo. Na kazi ya msimamizi si ndogo. Ndiye apokeaye fomu za wagombea. Ndiye asikilizaye pingamizi. Ndiye ajumlishaye kura za jimbo na kumtangaza mshindi. Lakini Katiba yetu, katika ibara ya 74, ibara ndogo ya 14, yawakataza watu wanaohusika na uchaguzi kujiunga na chama chochote cha siasa, ila yawaachia haki yao ya kupiga kura.

Mwananchi mmoja, Bwana Bob Chacha Wangwe, aliona kwamba mambo hayo mawili hayawezi kukaa nyumba moja. Akaenda Mahakama Kuu. Tarehe 10 Mei 2019 majaji walikubaliana naye, wakasema vifungu vile vyapingana na Katiba. Serikali ikakata rufani, na tarehe 16 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile, ikasema kwamba sheria ina kinga za kutosha. Katika kinga hizo kuna kiapo ambacho msimamizi hula kabla ya kuanza kazi.

Mimi simdharau mtu anayekula kiapo. Lakini nauliza swali la mwalimu wa kijijini. Kiapo chaweza kumfanya mtu asahau ni nani aliyempa kazi, na ni nani awezaye kuichukua kesho? Mkurugenzi akimtangaza mpinzani wa chama cha yule aliyemteua, je, ataamka na cheo chake? Huenda ataamka nacho. Lakini yeye ajiuliza swali hilo usiku kitandani, na wananchi nao wajiuliza barazani. Swali hilo peke yake latosha kuuharibu uchaguzi, hata kama hapana kura moja iliyoibwa.

Jambo halikuishia hapo. Bwana Wangwe pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu walikwenda Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwezi Juni 2023 mahakama hiyo ikasema kwamba utaratibu ule wa wasimamizi ulivunja haki ya wananchi ya kushiriki kwa uhuru katika kuiendesha nchi yao. Mwaka 2024 ikapitishwa sheria mpya ya uchaguzi. Haikumtaja tena mkurugenzi kwa cheo chake, bali ilisema Tume itawateua wasimamizi miongoni mwa watumishi wa umma waandamizi. Hiyo ni hatua, na tuitambue. Lakini mkurugenzi naye ni mtumishi mwandamizi. Mlango alioutokea waweza kumrudisha. Kwa hiyo kazi haijaisha, hapana budi tuutazame mlango huo kila uchaguzi unapokuja.

Tuvuke bahari kidogo tufike Unguja. Tarehe 28 Oktoba 2015, Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Marehemu Jecha Salim Jecha, aliufuta uchaguzi wa Zanzibar baada ya watu kwisha kupiga kura. Miaka ikapita, naye akatoka katika Tume. Mwezi Juni 2020 alichukua fomu za Chama Cha Mapinduzi kuomba kuteuliwa kugombea urais wa Zanzibar. Sisemi kwamba mwaka 2015 alikuwa na nia hiyo. Moyo wa mtu ni msitu. Lakini siku ile alipozishika fomu zile, watu wote waliokuwa na shaka juu ya kazi yake ya zamani walisema, "Si mnaona?" Na hakuna aliyeweza kuwajibu.

Wako wasemao kwamba huu ni ugonjwa wa Afrika. Si kweli. Mwaka 2018, katika jimbo la Georgia huko Marekani, Bwana Brian Kemp alikuwa Katibu wa Jimbo, na ofisi yake ndiyo iliyotunza daftari la wapiga kura na kuusimamia uchaguzi. Mwaka huo huo aligombea ugavana. Aliyeshindana naye alikuwa Bibi Stacey Abrams, ambaye angalishinda angalikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa gavana katika nchi ile. Kabla ya uchaguzi ilijulikana kwamba maombi ya watu wapatao 53,000 ya kuandikishwa yalikuwa yamezuiliwa ofisini mwake, mengi kwa kuwa herufi za jina hazikulingana sawasawa na karatasi nyingine, na wengi wa watu hao walikuwa weusi.

Wananchi walimtaka aondoke katika kazi ile. Hata mzee Jimmy Carter, mwenyeji wa Georgia, aliyepata kuwa gavana wa jimbo lile na kisha Rais wa Marekani, na ambaye taasisi yake imetazama chaguzi katika nchi nyingi za dunia, alimwandikia barua mwezi Oktoba kumwomba ampishe mtu mwingine. Bwana Kemp akakataa. Alijitetea kwamba kura huhesabiwa na watu wa wilaya, wala si yeye. Siku ya kupiga kura, tarehe 6 Novemba, wapiga kura watano walimshtaki. Tarehe 8, kesi ikiwa mahakamani, akajiuzulu ukatibu, lakini kambi yake ilikwisha kutangaza ushindi. Hesabu ya mwisho ilimpa ushindi kwa kura karibu 55,000. Hiyo ndiyo tuiitayo kuondoka ngoma ikiwa imekwisha kuchezwa.

Mwaka huo huo katika jimbo la Kansas, Katibu wa Jimbo Bwana Kris Kobach alishindana na gavana, Bwana Jeff Colyer, katika uchaguzi wa ndani ya chama chao. Tofauti ilikuwa kura chache mno. Gavana alimwambia ajitoe katika hesabu, naye mwezi Agosti akajitoa. Lakini alimwachia nani? Alimwachia msaidizi wake wa ofisini. Mwishowe Kobach alishinda kwa kura 343. Wekeni akilini jambo hilo la msaidizi, maana nitalirudia.

Sasa ndugu zangu, nimesema juu ya serikali na juu ya Wamarekani, nanyi mmepiga makofi. Ni rahisi kupiga makofi mwenye kosa akiwa mbali. Natua nyumbani.

Mwajua kwamba uchaguzi wa matawi yetu unakaribia. Mwajua pia kwamba mimi, kwa kazi yangu, ndimi niliyepangwa kusimamia na kuhesabu kura katika tawi la mjini. Na wengine mwajua kwamba katika tawi hilo mjomba wangu agombea uenyekiti. Ndiye aliyenilipia ada nilipokuwa chuo cha ualimu. Shati la kwanza jeupe nililovaa kuingia darasani alilinunua yeye.

Majuma mawili yaliyopita walikuja nyumbani akina mama wawili wa tawi lile. Nikawakaribisha, wakakaa mkekani. Yule mkubwa akasema, "Mwalimu, mwanangu, tumekuja kukuomba usihesabu kura zetu." Nikauliza kwa nini. Akasema, "Mjomba wako amo."

Ndugu zangu, nilikasirika. Nasema kweli mbele yenu. Niliwauliza kama wameniona mwizi. Niliwahesabia miaka niliyokitumikia chama hiki, na baiskeli niliyoichakaza kwa kwenda vijijini kuandikisha wanachama. Mama yule alinyamaza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Hatukusema u mwizi. Mjomba wako akishinda nawe umehesabu, sisi tutasema umempa. Akishindwa nawe umehesabu, ndugu zako watasema umemtupa. Wewe utaokoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikasema basi, kazi hiyo nitampa karani wangu. Akacheka. Akasema, "Karani wako asubuhi humwamkia nani?"

Siku tatu sikulala vizuri. Nilifikiri juu ya mambo haya yote niliyowaeleza leo, maana nilikuwa nikiyasema mikutanini muda mrefu, na kwa sauti kubwa. Nikaona kwamba mimi nami nilikuwa nimeshika ufunguo nikidai kwamba moyo wangu ni safi. Huenda kila mmoja wao alidai hivyo, na huenda wengine walisema kweli. Lakini mwanachama hapigi kura juu ya usafi wa moyo wangu. Yeye ataka aamini hesabu.

Kwa hiyo leo nawatangazia hadharani. Nimemwandikia Ndugu Mwenyekiti barua, naye amekubali. Sitasimamia uchaguzi wa tawi la mjini, wala karani wangu hatausimamia. Tumeomba msimamizi kutoka wilaya ya jirani, mtu ambaye hana jamaa hapa wala hangoji cheo kutoka kwa yeyote wa hapa. Mjomba nimemwambia mwenyewe. Hakufurahi, na mpaka leo salamu zake ni fupi. Nitavumilia.

Sasa nawaachieni mambo manne ya kushika, kwa kuwa iko siku nanyi mtataka mtu aondoke.

La kwanza, semeni mapema. Malalamiko yaliyokuja baada ya hesabu huonekana kuwa kilio cha aliyeshindwa, hata yakiwa ya haki.

La pili, tajeni jambo lenyewe. Semeni: ni jamaa yake, au ni mwanachama, au ameteuliwa na mgombea. Msiseme kabila lake, wala dini yake, wala uso wake. Atakayemkataa msimamizi kwa kabila ametuharibia kazi yote.

La tatu, andikeni. Neno la barazani hupeperuka. Barua hubaki, na siku ya mahakama barua hushuhudia. Bwana Wangwe hakutupa jiwe hata moja. Alikwenda na karatasi, akashinda, akashindwa, akaenda tena.

La nne, msikubali kupewa msaidizi wa mtu mliyemkataa. Aondokaye na aondoke na kivuli chake.

Na ninyi viongozi wenzangu, mkijiwa na akina mama wawili nyumbani, msifanye kama nilivyofanya mimi. Wasikilizeni tangu mwanzo. Chama kinachoitaka serikali itende haki hakina budi kuweza kuonyesha sanduku lake mwenyewe, na kusema: haya, njoni mtazame, hakuna mtu wetu aliyelikalia.

Wazee walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Hawakusema kwamba mwamba ngoma ni mtu mbaya. Walisema tu mkono wake huelekea wapi.

Umoja na Haki!